Furaha Ndogo za Kila Siku: Shukrani, Macho Yaliyofunguka na Wema kwa Jirani



Mara nyingi tunapowaandikia tunazungumza juu ya mashamba yenye ugomvi, juu ya mapatano, na juu ya safari ya kurudi nyumbani. Safari hii tunataka kueleza jambo linaloonekana dogo, nalo ni furaha. Tunajua kwamba neno hili linaweza kuwachoma baadhi yenu. Mtu aliyetoka nyumbani kwake usiku na watoto, bila hata kufunga mlango, ana haki ya kutuuliza: furaha gani? Swali hilo hatutalikimbia.

Tunaandika tukiwa na Nyabiondo mawazoni. Kwa wasioijua, Nyabiondo ni senta ya soko katika sekta ya Osso-Banyungu, teritware ya Masisi, kwenye njia inayotoka Masisi-centre kuelekea Walikale. Siku ya soko husikika Kihunde, Kinyanga, Kitembo, Kinyarwanda na Kiswahili mbele ya fungu moja la maharagi. Ni mahali pa kukutana. Ni mahali pia palipokimbiwa mara nyingi. Vita vya 1993 vilianzia upande wa Walikale, kwenye soko la Ntoto, vikapanda hadi Masisi. Vikafuata vita vya 1996 na vya 1998. Desemba 2004, wakati nchi ilikuwa tayari na serikali ya mpito na watu walidhani wamepumua, mapigano yalifika Nyabiondo yenyewe. Raia waliuawa, nyumba zikaporwa, na wakaaji wakaingia msituni. Tangu hapo wako waliorudi, wakajenga, wakapanda, kisha wakakimbia tena. Mwaka 2025, vita vilipofika Masisi-centre mwezi wa Januari na Walikale-centre mwezi wa Machi, njia zilijaa tena watu wenye magodoro kichwani.

Basi mtu wa huko akituuliza "furaha gani?", hatumwambii asahau. Hatumwambii kwamba mambo si mabaya. Tunasema neno moja tu: huzuni ni kubwa, lakini siku nzima haijajaa huzuni peke yake. Kuna nafasi ndogo ndogo ndani yake. Mtoto anacheka. Maharagi yanaiva na kunukia. Mvua inaacha kunyesha kabla ya hema kuvuja. Nafasi hizo hazituombi ruhusa kuja, na tusipoziangalia zinapita. Kuziona, kuzitaja na kumpa mwingine ya kwake, hiyo ndiyo kazi tunayotaka kuieleza.

Majina tunayowapa watoto

Kabla ya kuleta mafundisho kutoka mbali, tutazame kile mlicho nacho tayari. Simama asubuhi katikati ya kambi yoyote ya watu wa Kivu, usikie kina mama wanavyoita watoto wao: Furaha! Neema! Baraka! Zawadi! Riziki! Faraja! Mapendo! Shukuru! Aksanti! Kwa Kinyarwanda utasikia Mugisha, yaani baraka. Hakuna shule iliyowafundisha wazazi kufanya hivyo. Mama aliyezaa njiani, au chini ya turubai, akamwita binti yake Neema, hakuwa mtu asiyejua vita. Alijua sana. Aliamua tu kwamba jina atakaloita mara ishirini kwa siku, kwa sauti, mbele ya majirani, litakuwa jina la kile alichopewa na si la kile alichonyang'anywa.

Wako pia watoto wanaoitwa Mateso. Nasi tunapenda kulitaja, kwa sababu wazazi wetu hawakudanganya. Katika jamaa moja unaweza kumkuta Mateso na mdogo wake Furaha wakila sahani moja.

Na kuna jina lingine ambalo kwetu ni fundisho zima: Matabishi. Ninyi mnaofanya biashara mnajua matabishi ni nini. Mama anapima maharagi, anajaza kipimo, mnalipana. Kisha anachota tena kidogo kwa mkono na kumwaga juu. Hicho kidogo hakikulipiwa. Huwezi kukidai, wala muuzaji hana deni nacho. Ni wema tu. Watu wa kwetu wakaona kwamba mtoto naye anaweza kuwa hivyo, ziada isiyotarajiwa, wakampa jina.

Tunawaomba mjaribu jambo hili kwa wiki moja. Jioni, sufuria ikiwa bado jikoni na watu wa nyumba wakingoja, kila mmoja ataje matabishi ya siku yake, yaani kitu kimoja alichopata ambacho hakukilipia. Mtoto mdogo naye aseme. Sharti letu ni moja: kisemwe kwa jina na kwa mahali. Kusema "namshukuru Mungu kwa yote" ni sala njema, hatuikatazi, lakini haifungui macho. Afadhali mtu aseme: "Kibiriti changu kililowa, mama wa hema la tatu akanipa kaa la moto kabla sijamwomba." Hapo wote mnamwona yule mama. Kesho mtoto akikutana naye atamsalimia kwa namna nyingine.

Waliochunguza jambo hili

Wako wanaodhani kwamba shukrani ni maneno ya kanisani tu. Mwaka 2003, wataalamu wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walitangaza uchunguzi wao. Katika sehemu ya kwanza walichukua wanafunzi wa chuo kikuu, wakawagawa katika makundi 3. Mara moja kwa wiki, kwa wiki 10, kundi la kwanza liliandika mambo yasiyozidi 5 ya kushukuru. La pili liliandika mambo yaliyowaudhi. La tatu liliandika tu yaliyotokea. Mwishoni wale wa kundi la kwanza waliyaona maisha yao kwa ujumla kuwa mema zaidi, na walilalamika kidogo juu ya maumivu ya mwili.

Tuseme wazi: wanafunzi wale hawakuwa wakimbizi. Walikuwa na kitanda na chakula. Hatutaki mtu awaambie kwamba karatasi na kalamu zitafanya kazi ya unga. Tunachokiona ni hiki: makundi yale yaliishi katika mji mmoja na shule moja. Kilichobadilika ni mahali walipotazama.

Shukrani isiyoziba kinywa

Hapa lazima tuzungumze na viongozi, na tutazungumza bila kuficha.

Neno "shukuruni" linaweza kugeuzwa fimbo. Jamaa wamepewa jetoni, wamepanga mstari tangu alfajiri, wanapata mafuta pungufu, mmoja akiuliza, anaambiwa: "Hata hicho mngekipata wapi? Shukuruni." Hiyo si shukrani. Huko ni kunyamazisha watu. Mtu anaweza kumshukuru kwa moyo wote yule aliyempimia unga, na saa hiyo hiyo akauliza mfuko mwingine umekwenda wapi. Mambo hayo mawili yanakaa vizuri katika kinywa kimoja. Kwa kweli mtu anayejua kushukuru ndiye anayejua pia kuhesabu, kwa sababu ameangalia vizuri alichopewa.

Vilevile kwenye kilio. Mjane aliyepoteza mume hana kazi ya kusikia kwamba ashukuru yeye yu hai. Mababu zetu walikuwa na akili zaidi ya hapo: walikuja, wakasema "pole", wakaketi chini, wakanyamaza. Walioleta kuni waliziweka nje bila kelele. Tunawasihi wachungaji, mapadri, mashehe na machefu: siku ya kilio msifundishe. Furaha ya mtu huyo, kama itarudi, itarudi kwa wakati wake, na mara nyingi itapitia kwa wale waliokaa naye bila kumhubiria.

Kuwa na macho na masikio

Sasa tuje kwenye uangalifu. Neno hili linaonekana gumu lakini maana yake ni nyepesi: kuwa mahali ulipo, pamoja na mtu uliye naye.

Maisha ya ukimbizi yanatunyang'anya jambo hilo. Mwili uko kwenye fontene, mawazo yako kwenye shamba uliloacha: nani anavuna viazi vyangu? Au yako mbele: tutakula nini wiki ijayo? Mawazo haya si kosa. Lakini mtu akiwa nyuma na mbele kutwa nzima, leo yake inaishi bila yeye. Mtoto anamwonyesha gari alilochonga kwa mti, chukudu kidogo chenye magurudumu kabisa, naye anajibu "mm" bila kutazama.

Tuanze na salamu. Kwetu salamu ni ndefu: habari ya nyumbani, watoto wako aje, mgonjwa ameamka aje, huko mlikotoka kunasemwa nini. Sisi wenyewe tulikosea hapa, na hatuoni haya kuwaambia. Siku moja tulichelewa kufika kwenye mkutano kwa sababu ya matope. Tukashuka kwenye pikipiki, tukafungua karatasi, tukaanza: "Programu ya leo ina sehemu nne." Mzee mmoja aliinua mkono. Tulidhani ana swali juu ya programu. Akasema, "Wanangu, hamjatusalimia." Tukafunga karatasi, tukazunguka watu wote mkono kwa mkono. Ilichukua karibu nusu saa. Katika nusu saa hiyo tulisikia kwamba usiku ule kulikuwa na mtoto aliyefariki katika hema la pembeni, na kwamba nusu ya watu waliokaa mbele yetu hawakuwa wamelala. Programu yetu haikuwa na nafasi ya habari hiyo. Salamu ndiyo ilikuwa nayo.

Kusikiliza ni dawa, na kumethibitishwa. Kule Zimbabwe, mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda alianza kazi inayoitwa Benchi la Urafiki katika mtaa wa Mbare, mjini Harare. Wagonjwa wa mawazo walikuwa wengi na madaktari wa kazi hiyo walikuwa wachache sana. Akawafundisha akina bibi wa mtaani kukaa kwenye benchi la mbao nje ya kituo cha afya, kumsikiliza mtu, na kumsaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016 ulihusu watu 573. Baada ya miezi 6, kati ya waliopita kwenye benchi, kama 14 kwa kila 100 walikuwa bado na dalili za huzuni nzito. Kati ya wale waliopewa huduma ya kawaida walikuwa 50 kwa kila 100. Hakuna sindano iliyotumika pale. Kulikuwa na bibi, benchi na wakati.

Nasi Kivu ya Kaskazini tuna barza. Mzee wa kwetu hakukata shauri akiwa njiani. Aliketi kwenye barza, akasikiliza upande huu hadi mwisho, kisha upande ule hadi mwisho. Ndiyo maana, mwishoni mwa miaka ya 1990, viongozi wa makabila ya jimbo walipotafuta mahali pa kuzungumza, chombo chao waliita Barza Intercommunautaire. Chombo kile kilikuwa na siku zake njema na kasoro zake, wala hatutayapima hapa. Lakini mazoea ya barza hayahitaji jengo. Hata wawili wanaweza: mmoja anasema, mwingine anasikiliza bila kukata, bila kuleta hadithi yake mwenyewe, bila shauri, mpaka maji yachemke. Kisha wanabadilishana. Tumelifanya zoezi hili na vijana na wazee. Wengi wanatuambia kwamba kunyamaza ndiko kugumu kuliko kusema, hasa kwa sisi viongozi.

Mwenyeji na mgeni

Wema tunaouita wa kiroho ni ule unaofanywa bila kuandikwa kwenye orodha ya mtu yeyote. Kwetu umeonekana zaidi nyumbani kuliko kambini. Kwa miaka mingi, wengi wa waliohama Masisi na Walikale hawakulala kwenye makambi. Walilala katika nyumba za watu. Jamaa yenye vyumba viwili ilitoa kimoja. Sombe ya watu sita ikaliwa na watu kumi na watatu. Kazi hiyo ilitangulia kila gari la msaada, na tunaona kwamba haijasifiwa inavyostahili.

Lakini baada ya miezi mitatu, tuseme kweli, nyumba inabana. Choo kinajaa. Kuni zinaisha. Watoto wa mgeni wanapigana na watoto wa mwenyeji. Kisha msaada unakuja, na mgeni anapewa unga na bido la mafuta kwa kuwa jina lake liko kwenye orodha ya wakimbizi. Mwenyeji, aliyemaliza maharagi yake kwa kumlisha mgeni, anarudi mikono mitupu. Ugomvi mwingi tuliouitwa kutuliza ulianzia hapo, na mara nyingine ulivaa haraka nguo ya kabila.

Katika nyumba tulizoziona zikishinda jaribu hilo, mgeni hakungoja msaada ndipo ashukuru. Aliamka akachota maji ya nyumba nzima, au akalima mistari miwili kwenye shamba la mwenyeji wakati wa kupanda, Septemba. Unga ulipofika, ulipimwa mbele ya wote na kuingia kwenye sufuria moja. Naye mwenyeji alijua kushukuru. Alisema mbele ya watu, "Tangu waje, nina mikono ya kunisaidia." Sentensi hiyo inamrudishia mgeni heshima ambayo vita vilimvua. Kupokea tu, kila siku, bila kuwa na cha kutoa, kunamlemea mtu kuliko njaa.

Hilo nalo limechunguzwa, tena karibu na kwetu. Mwaka 2013, watafiti walioongozwa na Lara Aknin walitangaza kazi waliyofanya katika nchi mbalimbali. Katika Kanada na Uganda waliwaomba baadhi ya watu wakumbuke siku walipotumia pesa kwa ajili ya mwingine, na baadhi wakumbuke siku walipotumia kwa ajili yao wenyewe. Katika nchi zote mbili, nchi tajiri na nchi isiyo tajiri, waliokumbuka kumpa mwingine walijisikia na furaha zaidi. Kwa hiyo yule mama anayegawa sahani ya mwisho hapotezi tu. Tunalisema hili kwa uangalifu, tusije tukawapa watu sababu ya kuwaacha kina mama wagawe peke yao.

Kiongozi anaweza kusaidia kwa mambo madogo. Msaada ukifika, asalimie wenyeji kwanza mbele ya wageni, na aombe waingizwe kwenye orodha. Asome majina kwa heshima, jina zima, si kwa kupiga kelele kama anayeita mifugo. Kwenye fontene, mwenye mgonjwa nyumbani ajaze bido kwanza, yeyote awe nani. Na majina ya dharau tunayopeana kati ya kabila na kabila yakome mdomoni mwake kabla hajayakataza kwa vijana.

Iko hatua ngumu zaidi, nasi hatumsukumi mtu kuifikia: kumwombea mema mtu wa upande ule mwingine, kwa jina lake. Usianze na aliyekuumiza. Anza na mmoja uliyemjua kabla ya vita: yule aliyekuuzia mbuzi, yule mliyesoma naye darasa la tatu. Muulizie habari. Sema jina lake katika sala yako, kwa dini yako. Mtu mmoja alituambia kwamba kwa wiki nne jina lilimkwama kooni. Hatukumwambia aharakishe. Kusamehe si sehemu ya zoezi hili, na haki ya mahakama inabaki haki.

Siku usipoona kitu

Wengi wanatuuliza: je, jioni ikifika nami sina matabishi hata moja? Jibu letu ni kwamba siku za namna hiyo zipo. Siku hiyo sikiliza ya wengine, kula, lala. Usibuni.

Lakini zikiwa siku nyingi mfululizo, kama huwezi kulala, chakula hakipiti, unasikia milio ambayo haipo, au unawaza kwamba ni afadhali ungekufa, hapo usitegemee zoezi la jioni. Mwambie mtu leo hii: muuguzi wa kituo cha afya, mama mshauri, au jirani unayemwamini. Nawe jirani uliyeambiwa, usimjibu kwa mafundisho wala kwa makala hii. Vaa viatu, umsindikize mpaka mlangoni, ukae naye akingoja zamu yake.